Wanafunzi wa historia mnajua mengi, mbona insha zinapata alama chache? Tujadili

#1 – Kalamu Kavu (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kwa muda sasa nimekuwa nikipitia insha za historia za wanafunzi wa sekondari, za wadogo zangu na za watoto wa majirani wanaoniomba niwatazamie kabla hawajakabidhi. Kuna jambo linajirudia mpaka linachosha. Mtoto anajua. Ukimuuliza kwa mdomo anakusimulia vita mwanzo mwisho, miaka anayo, majina ya magavana anayo. Akishika kalamu anamwaga kila alichonacho, na swali lenyewe linabaki pembeni halijaguswa.

Chukueni swali la kawaida kabisa: kwa nini Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani vilitokea? Jibu ninalokutana nalo mara nyingi ni hili: sababu ya kwanza kodi, ya pili kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ya tatu ukatili wa maakida (wasimamizi waliowekwa na serikali ya Wajerumani), ya nne imani ya maji. Hapo hakuna uongo. Ila "kwa nini" bado haijajibiwa, imeorodheshewa vitu tu.

Sasa tazameni miaka. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa 1898. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba shambani. Kama ni kodi peke yake, mbona walivumilia miaka saba? Na kodi ilitozwa sehemu nyingi za koloni, mbona moto uliwaka kusini? Ukishaanza kujiuliza hivyo umeingia kwenye somo lenyewe. Mashamba ya pamba ya pamoja yalianzishwa kuanzia 1902, chini ya gavana von Götzen, na yalianzia pande hizohizo za kusini-mashariki. Kwa hiyo pamba inaeleza mahali na inaeleza wakati. Kodi inaeleza manung'uniko yaliyokuwa yakijazana toka zamani. Na maji ya Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewaambia watu kwamba dawa yake ya maji itawakinga na risasi, yana kazi nyingine kabisa: yanaeleza imewezekanaje watu wasio na mtawala mmoja, wasio na jeshi moja, wakasimama pamoja.

Sababu ni zilezile za yule mwanafunzi wa orodha. Tofauti ni kwamba kila moja imepewa kazi, na msomaji anaona ipi inabeba nini. Hicho ndicho anachotafuta anayesahihisha, hata pale mwongozo wake wa kusahihisha unaposema "hoja nne, alama nne".

Jambo la pili ni vyanzo. Wanafunzi wengi wamefundishwa kuvigawa: vya msingi huku, vya upili kule, masimulizi, maandishi, akiolojia. Wanaijua migawanyo kwa kichwa halafu hawaitumii popote. Ukikutana na maandishi yoyote uliza nani ameandika, lini, akimwandikia nani, na alikuwa na nini cha kupoteza. Von Götzen huyohuyo alitoa kitabu kuhusu vita hivyo mwaka 1909, baada ya kuondoka koloni. Aliweka uzito mkubwa kwa waganga na ushirikina. Haishangazi. Akikubali kwamba chanzo ni pamba, anakuwa amejishtaki mwenyewe, maana sera ya pamba ilikuwa yake. Hiyo haina maana kitabu chake kitupwe. Kina taarifa za kijeshi ambazo huzipati kwingine. Ila pale anapoeleza sababu, msome ukijua ni mshtakiwa anayejitetea.

La tatu nalitaja harakaharaka kwa sababu linaniudhi. Msiandike kwamba Mkutano wa Berlin ndio uliochora mipaka ya Afrika, kana kwamba watu walikaa mezani na rula kuanzia Novemba 1884, kufika Februari 1885 kazi imekwisha. Mkutano ulizungumzia biashara huru bonde la Kongo, usafiri katika mto Kongo na Niger, na masharti ya taifa kudai sehemu ya pwani. Mipaka mingi ilichorwa kwenye mikataba ya mataifa mawili mawili, mingi ikiwa baada ya hapo. Mfano ni ule wa Uingereza na Ujerumani wa 1886, kisha wa 1890 ambao ndani yake Wajerumani walipata kisiwa cha Heligoland na wakaitambua Zanzibar kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Mwanafunzi anayeandika hivyo anapata alama za Berlin na pia anaonyesha amesoma zaidi ya kichwa cha habari.

Nawasilisha. Walimu, wanafunzi na waliowahi kusoma somo hili, karibuni.

#2 – Mpitanjia

Nakaa mkao wa kusoma. Ngoja waje wajuzi.

#3 – Binti wa Daftari

Asante kaka kwa uzi. Mimi bado ni mwanafunzi, naomba kuuliza. Mwalimu wetu anataka hoja sita, kila hoja aya yake, na kila aya ianze na hoja yenyewe. Nikianza kuandika "kodi inaeleza hiki, pamba inaeleza kile" si nitaonekana nimechanganya mambo? Na muda wa mtihani ni mdogo.

#4 – Kalamu Kavu

Dada, fuata mwalimu wako anavyotaka. Hoja sita weka sita, aya sita weka sita. Ninachosema mimi kinaingia ndani ya mpangilio huohuo bila kuuvunja. Tazama aya moja:

"Kilimo cha pamba cha kulazimishwa ndicho kilichogeuza manung'uniko kuwa vita. Kodi ilikuwepo tangu 1898 bila vita kuzuka, lakini kuanzia 1902 watu wa kusini-mashariki walilazimishwa kufanya kazi kwenye mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe, wakiacha mashamba yao ya chakula. Ndiyo maana kitendo cha kwanza cha waasi wa Umatumbi, Julai 1905, kilikuwa kung'oa pamba."

Imeanza na hoja kama mwalimu anavyotaka. Ina ushahidi wenye mwaka na mahali. Sentensi ya mwisho inafunga ushahidi kwenye swali. Sentensi tatu tu, haikuli muda. Wengi wanaweka ya kwanza, nusu ya pili, halafu wanaruka kwenda hoja nyingine. Hiyo "ndiyo maana" ya mwisho ndiyo inayokosekana kwenye madaftari mengi.

Kuhusu muda: dakika chache za mwanzo tumia kupanga mwishoni mwa kijitabu cha majibu. Andika hoja zako neno moja moja, kisha zipe namba kulingana na uzito. Usiandike insha kwa mpangilio ambao kumbukumbu imekuletea. Kumbukumbu huleta kwanza kile ulichosoma jana usiku.

#5 – Mwalimu Mstaafu

Nimesoma, na nina la kusema kwa sababu nimesahihisha karatasi za historia kwa miaka mingi.

Kwanza nakubaliana na mleta uzi kuhusu kufunga hoja kwenye swali. Ila kuna upepo unaovuma siku hizi kwamba kukariri ni ujinga, mtoto afundishwe "kufikiri" tu. Afikirie kwa kutumia nini? Huo mfano wako wa pamba na kodi umesimama juu ya miaka mitatu: 1898, 1902, 1905. Asiyeijua hawezi hata kuuliza swali uliloliuliza. Kwa hiyo wanangu, tarehe lazima ziingie kichwani, msidanganyike.

Ila haziingii kama mafuriko. Nilikuwa nawapa wanafunzi wangu miaka michache ya kushikilia, isiyosahaulika, na mingine yote waipange katikati yake. Kwa pwani ya Afrika Mashariki, kwa mfano: 1498 Vasco da Gama anapita, 1505 Wareno wanaishambulia Kilwa na Mombasa, 1698 Ngome ya Yesu ya Mombasa inaangukia mikononi mwa Waomani. Ukiwa na hiyo mitatu, mtu akikuambia ngome ilianza kujengwa 1593 unajua mara moja kwamba Wareno walikuwa wameshakaa pwani karibu karne nzima kabla hawajaijenga. Hapo linazaliwa swali zuri la insha: kwa nini walichelewa hivyo, na nini kiliwatisha?

Kuna jambo mleta uzi hakuligusa. Wanafunzi huipa nchi majina ambayo wakati ule hayakuwepo. "Wajerumani waliitawala Tanzania." Tanzania imezaliwa 1964. Mtu wa 1905 aliishi katika koloni lililoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na wengi wao hata jina hilo halikuwa na maana yoyote kwao. Vilevile dola ya kale ya Ghana haikuwa pale ilipo nchi ya Ghana leo. Ilikuwa mbali kaskazini-magharibi, maeneo ambayo sasa ni Mauritania na Mali. Nchi ya sasa ilichagua jina hilo kwa heshima ilipopata uhuru 1957. Niliwahi kusoma insha iliyowapeleka wafanyabiashara wa dhahabu wa karne ya 11 hadi Accra. Nilicheka, lakini alama sikuweza kutoa.

Na utangulizi! Tafadhali acheni ile "historia ni taaluma inayoshughulikia matukio yaliyopita, yaliyopo na yajayo" mwanzoni mwa kila insha. Swali halijauliza historia ni nini. Mwenye karatasi mia mezani akiisoma sentensi hiyo mara mia, unadhani anakuwa na hali gani akifika kwako?

#6 – Kalamu Kavu

Shikamoo mwalimu. Kuhusu tarehe nakubali. Nilichokuwa nakipinga ni tarehe zinazokaa kwenye insha bila kazi. Mtu anaandika "tarehe 28 Juni 1914 huko Sarajevo" vizuri kabisa, halafu haelezi mauaji ya mtu mmoja yaliwezaje kuwa vita ya mataifa makubwa kufikia tarehe 4 Agosti Uingereza ilipoingia. Hizo wiki tano za katikati ndizo zenye historia: Austria kuipa Serbia masharti makali, Urusi kuamuru majeshi yakusanywe, Ujerumani kuvamia Ubelgiji. Mwanafunzi anaandika "mauaji ya Sarajevo yalisababisha Vita Kuu ya Kwanza" na anaweka nukta.

#7 – Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Hapo umenena.

#8 – Jasiri Haachi

Wakuu mnapoteza muda. Historia hailipi. Someni hesabu na kompyuta.

#9 – Mpitanjia

Mkuu uzi huu si wako. Waache wenye mtihani wasome.

#10 – Mzee wa Nyaraka

Niongeze kuhusu masimulizi, kwa sababu wanafunzi wengi hupewa kazi ya kwenda kuhoji wazee na hawaambiwi wanakwenda kufanya nini. Wanarudi na kurasa za "hapo zamani maisha yalikuwa mazuri".

Mjue kazi hiyo ina heshima yake. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuhoji wazee kuhusu Maji Maji, wakati ambapo bado walikuwepo watu walioviona vita hivyo kwa macho yao. Mengi tunayojua leo upande wa Waafrika, namna maji yalivyosambazwa, watu walivyoamua kujiunga, yalipatikana kwa njia hiyo. Nyaraka za Kijerumani zisingetupa.

Sasa ukienda kwa mzee wako, jambo la kwanza ni kutenganisha alichokiona na alichosimuliwa. Muulize waziwazi: "Babu, wewe ulikuwepo, au ulisimuliwa na nani?" Vyote viwili vina thamani lakini si kitu kimoja, na kwenye daftari viandike mbalimbali. La pili, usimwulize swali lenye jibu ndani yake. Ukisema "wakoloni walikuwa wakatili sana, sivyo?" atakuitikia tu kwa adabu. Sema "siku ya kukusanya kodi ilikuwaje?" kisha nyamaza. Mzee akinyamaza na wewe nyamaza, anakumbuka. La tatu, mwaka usimlazimishe. Muulize alikuwa na umri gani, ameshaoa au bado, ilikuwa kabla au baada ya njaa fulani. Mwaka utautafuta mwenyewe baadaye.

Na msidhani maandishi yako salama kuliko mdomo. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331, lakini habari za safari zake zilikamilika kuandikwa 1355 huko Fez, yeye akisimulia na mwandishi akiandika. Zaidi ya miaka ishirini! Katika matini inayosomwa sana anasema mji ulijengwa kwa mbao, na Kilwa yenyewe ina magofu ya mawe ya karne zilezile. Alisahau? Aliziona zaidi nyumba za watu wa kawaida? Au walionakili kitabu ndio walioteleza? Mwanafunzi akiandika maswali hayo matatu kwa utulivu ametumia chanzo ipasavyo, hata asipochagua jibu.

#11 – Binti wa Daftari

Shikamoo mzee. Na hizi habari za mtandaoni je? Sasa hivi ukiandika swali tu, programu inakuletea insha nzima. Darasani kwetu wengi wanafanya hivyo.

#12 – Mzee wa Nyaraka

Marahaba mjukuu wangu. Tatizo hilo ni la zamani kuliko kompyuta. Ibn Khaldun, katika utangulizi mkubwa wa historia aliouandika 1377, aliwasema wanahistoria waliomtangulia kwa kunakili idadi bila kuipima. Mfano wake maarufu ni jeshi la Waisraeli jangwani, lililosemwa kuwa na watu laki sita au zaidi. Hakuhitaji hati nyingine kulitilia shaka. Aliuliza tu: jeshi kubwa hivyo litajipangaje vitani, wakati safu zake zingeenea mbali kuliko macho yanavyofika? Upande mmoja ungejuaje kinachotokea upande wa pili?

Basi programu ikikupa idadi au nukuu, ifanyie hivyohivyo. Je, inawezekana? Nani alihesabu, na alihesabuje? Kitabu chako cha darasani kinasemaje? Nukuu usiyoweza kuonyesha imetoka wapi usiiweke kwenye insha. Programu hizi huweza kutunga nukuu nzuri na kumvisha mtu mashuhuri.

#13 – Kalamu Kavu

Naunga mkono hoja. Niongeze kwamba insha ya programu inajulikana hata isipokuwa na kosa. Inasema "kwa upande mmoja" na "kwa upande mwingine" halafu haichagui. Swali likisema "jadili" au "tathmini" linakutaka uchague. Unasikiliza pande zote, kisha unasema ipi ina uzito na kwa nini. Ukimaliza insha ya "tathmini" na msomaji hajui umesimama wapi, hujajibu.

#14 – Binti wa Daftari

Nimejaribu aya ya utangulizi ya Maji Maji. Naombeni mnikosoe:

"Vita vya Maji Maji vilipiganwa kati ya 1905 na 1907 kusini mwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vilisababishwa na mambo mengi kama kodi, pamba, ukatili na dini. Insha hii itaonyesha kwamba kodi na ukatili viliandaa hasira, pamba ikaiwasha, na maji ya Kinjikitile yakaieneza."

#15 – Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, sentensi ya tatu ni nzuri sana. Ya pili ifute, ya tatu imeshaifanya kazi yake. Na "dini" hapo haina maelezo, afadhali "maji" ulivyoyataja mwishoni.

#16 – Kalamu Kavu

Nakubaliana na mwalimu. Umeahidi mambo matatu kwa mpangilio, basi aya zifuate mpangilio huohuo, usianze na pamba.

Halafu jiandae na swali ambalo msahihishaji makini atakuwa nalo akifika kwenye aya ya maji: Kinjikitile alinyongwa mapema Agosti 1905, vita vikiwa vichanga, na bado viliendelea kusambaa. Alisambazaje baada ya kufa?

#17 – Binti wa Daftari

Kwa hiyo niseme waliosambaza ni wajumbe wake, waliopeleka maji kwa watu wengine? Na Wangoni walijiunga Septemba, yeye akiwa ameshakufa. Lakini Wangoni walikuwa na machifu wao na jeshi lao, na sababu zao si pamba. Niwaweke aya hiyohiyo au niwape aya yao?

#18 – Kalamu Kavu

Wajumbe, sawasawa. Wangoni wape aya yao, na usiwafiche eti kwa sababu wanaharibu hoja ya pamba. Andika wazi kwamba pamba inaeleza Umatumbi vizuri na inaeleza Ungoni vibaya, kisha onyesha wao walikuwa wanarudisha nini kilichochukuliwa na Wajerumani: mamlaka ya machifu, watu waliokuwa chini yao, uvamizi waliozoea kuufanya kwa jirani. Ukishaandika hiyo aya rudi kwenye utangulizi, kwenye "pamba ikaiwasha" ongeza mahali ilipowashia. Kisha utuwekee hapa tuione.